Linki za tovuti na Google: dalili, chanzo na tiba yake

Simu nyingi ninazopigiwa huanza hivi: "Fundi, Google wamenifungia." Anayepiga ana duka la spea Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, au shule ya kibinafsi Kasarani, au kampuni ndogo ya kutembeza watalii yenye ofisi Westlands. Tovuti iliyokuwa ikimletea wateja imenyamaza. Na kabla hajanitafuta, kuna mtu ameshamwambia kwamba kasoro iko kwenye linki, yaani viungo vya kubofya kwenye tovuti za wengine vinavyoelekeza kwako: ni chache mno, au ni mbaya mno, na vyovyote iwavyo inabidi alipe.

Mara nyingi kasoro haiko kwenye linki hata kidogo. Na inapokuwa huko, uharibifu mkubwa ninaoukuta umetokana na dawa iliyomezwa kabla ya ugonjwa kujulikana. Kwa hiyo nimepanga haya kwa dalili, jinsi wenye tovuti wanavyozieleza, na chini ya kila dalili nimeanza na chanzo ninachokikuta mara nyingi zaidi. Anza juu, shuka taratibu.

Kuna jambo moja la kuelewa kwanza, maana mengine yote yamesimama juu yake. Linki ni ushahidi. Larry Page na Sergey Brin walipoeleza hesabu yao ya PageRank mwaka 1998, wakiwa Chuo Kikuu cha Stanford, walikuwa wanatumia busara ambayo kila mtaa unaijua: anayetajwa kwa wema na watu wanaoheshimika, huenda naye ni wa kuheshimiwa. Kila ukurasa unaoelekeza wasomaji wake kwako unakutolea ushahidi, na maneno ya shahidi mwenye heshima yana uzito kuliko ya asiyejulikana. Tangu siku hiyo kazi ya injini za utafutaji imekuwa kumtofautisha shahidi wa hiari na shahidi aliyelipwa. Ukilishika hilo, hutahitaji kukariri kanuni.

Kabla ya kugusa chochote

Fungua Google uandike site:jinalako.co.ke, bila kuacha nafasi katikati. Zikitokea kurasa zako, hujafungiwa. Umeshuka tu, na kushuka kuna sababu nyingi.

Kisha ingia Search Console, huduma ya bure ya Google kwa wenye tovuti. Kama hujawahi kuifungua, fanya hivyo leo, kwa barua pepe yako mwenyewe. Ndani yake tafuta kurasa mbili: ule wa adhabu za mkono na ule wa masuala ya usalama. Adhabu ya mkono maana yake mfanyakazi wa Google, binadamu, ameikagua tovuti yako na kuona imevunja kanuni. Ukurasa huo ukisema hakuna tatizo lililopatikana, basi huna adhabu ya mkono, hata mtu akuonyeshe grafu za rangi gani. Nimeona watu wakilipa maelfu ya shilingi kuondolewa adhabu ambayo haijawahi kuwapo, na jambo hilo linaniuma kila mara, kwa sababu jibu lilikuwa bure na lilihitaji dakika tano.

Dalili ya kwanza: wageni wameporomoka ghafla

Kinachoongoza ni kisanduku kimoja kwenye WordPress, programu inayotumika kujenga tovuti nyingi. Ndani ya mipangilio ya usomaji kuna mahali pa kuziomba injini za utafutaji zisiiorodheshe tovuti. Mafundi hukitia alama wakati wa kujenga au kuhamisha tovuti, na kazi ikiisha husahau kuitoa. Tovuti inafunguka vizuri kwa kila mtu, ila kila ukurasa umebeba neno noindex ndani ya msimbo wake, na Google inatii. Toa alama, hifadhi, kisha tumia kifaa cha kukagua anwani ndani ya Search Console kuomba ukurasa wa mwanzo upitiwe upya. Mzee mmoja wa Kirinyaga alikuwa na hili tu. Alikuwa ameshaombwa shilingi 30,000 za linki.

Kinachofuata ni kikoa kilichoisha muda, yaani lile jina la tovuti lenyewe. Usajili una tarehe ya kwisha, na barua ya kukumbusha huenda kwa aliyesajili. Kama aliyesajili ni kijana aliyekujengea tovuti miaka mingi iliyopita na hamzungumzi tena, hutajua mpaka siku inayozimika. Tafuta jina lako kwenye huduma ya kutazama usajili ya KENIC, taasisi inayosimamia vikoa vya .ke, uone tarehe ya mwisho. Usicheleweshe kulipa. Kikoa kilichoachwa kikichukuliwa na mwingine kinaondoka na linki zako zote, na ipo biashara nzima ya kuwinda majina ya mashirika na shule yaliyokwisha muda, kisha kuyajaza kamari, kwa kuwa majina hayo yameshatolewa ushahidi na watu wa heshima. Google iliuandika mchezo huo kwenye orodha ya makosa yake Machi 2024, lakini mvamizi kuondolewa kwenye matokeo hakukurudishii jina lako.

Halafu kuna msimu. Muuzaji wa sare za shule anayeshtuka mwezi wa tatu ajilinganishe na mwezi wa tatu wa mwaka jana, si na Januari shule zinapofunguliwa. Search Console hutunza takwimu za miezi 16, kwa hiyo ulinganisho unawezekana. Ukiona nafasi yako kwenye matokeo haijasogea, bali wanaotafuta ndio wamepungua, huna ugonjwa.

Baada ya hapo tazama masasisho. Google hubadilisha mfumo wake mkuu mara kadhaa kwa mwaka na hutangaza siku ya kuanza na ya kumaliza. Kama mporomoko umeanza ndani ya siku hizo, ngoja sasisho likamilike kabla ya kugusa kitu. Anayefanya mabadiliko makubwa katikati ya sasisho hawezi tena kujua kipi kilimshusha na kipi kilimpandisha.

Sasa ndipo linki zinaingia. Tarehe 24 Aprili 2012 Google ilizindua mfumo unaoitwa Penguin, uliolenga tovuti zenye linki za kutengenezwa. Siku hizo aliyenaswa alishushwa na kukaa chini miezi mingi, wakati mwingine zaidi ya mwaka, akingoja mfumo uendeshwe tena. Septemba 2016 Penguin iliingizwa ndani ya mfumo mkuu ikawa inafanya kazi wakati wote, na tabia yake ikabadilika: badala ya kuishusha tovuti, kwa kawaida huipuuza linki yenyewe. Desemba 2022 Google ikaiongezea kazi hiyo SpamBrain, mfumo wake wa akili unde, ambao hutambua tovuti zinazonunua linki na pia zile zilizoundwa ili kuzipitisha.

Kwa mwenye duka maana yake ni hii: ulikuwa umesimama juu ya makreti ya soda ukidhani ni urefu wako. Makreti yameondolewa, na sasa uko kwenye kimo chako halisi. Hakuna ombi la kuandika wala pa kulipeleka. Google imesema wazi kwamba faida iliyotokana na linki za namna hiyo ikishafutwa hairudi, hata ukizisafisha zote. Kinachobaki ni kujenga upya, na hilo nitalirudia kwenye dalili ya tatu.

Adhabu ya mkono ndiyo chanzo adimu kuliko vyote katika dalili hii. Kama unayo, soma sehemu inayofuata.

Simama hapa: ukikuta ujumbe wowote kwenye ukurasa wa usalama, au kurasa ambazo hukuziandika wewe, acha mengine yote uende dalili ya tano.

Dalili ya pili: umepokea ujumbe wa linki zisizo za asili

Usome ujumbe mara mbili. Kuna adhabu ya linki zinazokuja kwako na kuna ya linki zinazotoka kwako, na tiba zake hazifanani. Angalia pia kama imegusa tovuti nzima au sehemu yake.

Kwa zinazokuja kwako, chanzo kikuu ni kimoja: zilinunuliwa. Huenda si wewe. Huenda ni yule uliyempa kazi ya "kutangaza tovuti" akakuletea ripoti ya kurasa ishirini ambayo hukuifungua. Muulize, bila hasira, maana unahitaji orodha yake. Chanzo cha pili ni makala za kulipia, zile ulizotoa pesa zichapishwe kwenye tovuti ya habari na linki ikawekwa bila alama yoyote ya kuonyesha imelipiwa. Cha tatu ni kubadilishana kwa wingi, nitaje nikutaje, hadi tovuti ya keki inaitaja ya matairi. Mara chache nakuta urithi: kikoa kilinunuliwa mkono wa pili na deni lake likaja nacho.

Njia ya haraka ya kuzitambua ni kutazama maneno yanayobofywa. Mtu anayekutaja kwa hiari huandika jina la biashara yako, au anwani yako jinsi ilivyo, au "hapa". Ukikuta tovuti 40 zisizojuana zote zimeandika "spea bei nafuu za Toyota Nairobi", jiulize ni mahakama gani ingewaamini mashahidi 40 wanaotamka sentensi moja neno kwa neno.

Ukubwa haukingi mtu. Februari 2011 gazeti la New York Times lilieleza jinsi J.C. Penney, duka kubwa la Marekani, lilivyokaa kileleni mwa matokeo ya bidhaa nyingi msimu wa sikukuu, likisaidiwa na linki zilizopandwa kwenye kurasa nyingi zisizo na uhusiano nalo. Google ikalishusha. Januari 2012 Google iliushusha ukurasa wa kivinjari chake yenyewe, Chrome, kwa angalau siku 60, baada ya kampeni ya waandishi waliolipwa kupitisha linki isiyo na alama.

Tiba ina hatua, na kuruka hatua ndiyo sababu ya maombi mengi kukataliwa.

Pakua orodha ya linki kutoka Search Console. Jua kwamba hiyo ni sampuli, si zote, kwa hiyo iongezee ile ya fundi wako wa zamani na risiti zako za malipo. Weka kwenye jedwali: tovuti, ukurasa, maneno yanayobofywa, jinsi linki ilivyopatikana, na safu tupu ya hatua utakayochukua. Itakuchukua jioni kadhaa. Usimpe mashine kazi ya kuamua, maana tovuti ya shule ndogo Murang'a yenye sura mbovu inaweza kuwa shahidi wa kweli kuliko jarida linalong'aa.

Kisha waandikie wenye tovuti. Waombe waitoe linki, au waiwekee alama ya rel="sponsored" au rel="nofollow" kwenye msimbo. Alama ya nofollow ililetwa Januari 2005 na Google, Yahoo na MSN kupambana na takataka za kwenye maoni. Septemba 2019 Google ikaongeza sponsored kwa zilizolipiwa na ugc kwa zilizoandikwa na watumiaji. Linki iliyolipiwa si kosa ikiwa imevaa alama yake. Tangazo ni tangazo, mradi lisijifanye ushahidi. Hifadhi kila barua uliyotuma, hata isiyojibiwa. Na ukidaiwa pesa ili linki itolewe, usilipe. Andika tu kwenye jedwali kwamba umeombwa pesa.

Zile zisizotolewa ndizo za kukana, yaani kuiambia Google isizihesabu. Google ilileta kifaa cha kukana linki Oktoba 2012. Unaandika faili la maandishi matupu lenye kiishio .txt, kila tovuti mstari wake, kwa mfano domain:mfano.com, lisizidi mistari 100,000 wala MB 2. Mstari unaoanza na # ni maelezo yako tu. Mambo mawili huwakwaza wengi. Kifaa hicho hakikubali tovuti iliyosajiliwa Search Console kama kikoa kizima, hivyo iongeze tena kwa anwani kamili inayoanza na https. Pili, faili jipya hufuta lile la zamani, kwa hiyo pakua la zamani kwanza uongezee humo.

Sasa onyo, na nalisema kwa uzito wote: usikane orodha nzima. Nilipokea tovuti ya shirika moja ambayo fundi aliyetangulia alikuwa ameikana kila linki, pamoja na za vyuo vikuu viwili na gazeti la kitaifa. Aliwafukuza mashahidi wote, wa kweli na wa uongo, kisha akashangaa kesi kushindwa. Kama huna adhabu ya mkono na hukuwahi kununua linki, huna sababu ya kukifungua kifaa hicho. Microsoft iliondoa cha kwake kwenye Bing, injini yake ya utafutaji, mwaka 2023, ikiona mfumo wake unaweza kuzitenga linki mbovu bila kusaidiwa.

Mwisho ni ombi la kufikiriwa upya, unaloliandikia Google. Eleza kosa lilikuwa nini, umefanya nini, na matokeo ni yapi, kisha ambatisha kiungo cha jedwali lako. Usimsingizie mshindani kile ulichokilipia. Jibu la adhabu za linki huchukua siku kadhaa, mara nyingine wiki kadhaa, na usitume ombi jingine kabla la kwanza halijajibiwa. Ukikubaliwa, usitarajie kurudi kule juu, kwa sababu sehemu ya urefu ule ilikuwa makreti.

Ikiwa adhabu ni ya linki zinazotoka kwako, kazi ni fupi: zitoe au zitie alama, kisha omba. Isipokuwa kama hukuziweka wewe, na hapo tena ni dalili ya tano.

Simama hapa: ombi likikataliwa mara ya pili, au orodha ikipita mia kadhaa na huoni tofauti kati ya nzuri na mbaya, mwite mtu aliyewahi kuondoa adhabu ya aina hiyo.

Dalili ya tatu: nimenunua linki na hakuna kilichobadilika

"Linki 500 kwa siku saba, lipa kwa M-Pesa." Matangazo haya yako kila kona. Aliyenunua hunijia baada ya miezi mitatu, ripoti mkononi, nafasi ileile.

Chanzo cha kawaida ni kwamba linki zimepuuzwa, kama nilivyoeleza juu. Hakuna ujumbe unaokujulisha. Pesa imeingia mchangani kimya kimya.

Au kurasa zenye linki haziko Google kabisa. Chukua tano kutoka kwenye ripoti, uzitafute kwa site: moja moja. Shahidi ambaye hakimu hajui kuwa yupo hana faida.

Au umeuziwa alama. Utaambiwa tovuti ina "mamlaka 60". Alama hizo hubuniwa na kampuni binafsi zinazouza zana, wala Google haizitumii. Alama ya PageRank ambayo watu waliweza kuiona kwenye vivinjari iliondolewa hadharani mwaka 2016, na kilichobaki mikononi mwa wauzaji ni makadirio.

Kipimo changu ni swali moja: je, kuna mtu halisi atakayeibofya linki hii kwa sababu anahitaji kitu kilicho upande wa pili? Kama jibu ni hapana, acha.

Badala yake, chukua mfano wa duka la spea. Mwenye duka anajua kichwani mwake ni shokamzoba gani inaingia Probox ya mwaka gani, na ipi inafanana kwa macho lakini haikai. Mafundi wa gereji wa Nairobi nzima huulizana hilo kila siku. Akiliandika kama jedwali safi, kwa Kiswahili, na picha alizopiga mwenyewe dukani, atatajwa na watu asiowajua, kwa sababu kitu hicho hakiko kwingine. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kurasa nzuri za Kiswahili kuhusu ufundi, kilimo, sheria na afya bado ni chache mno kwenye mtandao, na aliye wa kwanza kuiandika vizuri mada yake huwa ndiye anayetajwa kwa miaka.

Anza pia na wanaokujua tayari. Muagizaji anayekuuzia mzigo ana ukurasa wa mawakala wake: mwombe akuorodheshe. Chama unachokilipia ada kina orodha ya wanachama. Shule uliyoichangia madawati huenda ina ukurasa wa wafadhili. Huo ni ushahidi wa kweli, kwa sababu uhusiano wenyewe ni wa kweli. Utachukua miezi. Najua mwenye kodi ya duka ya kulipa hapendi kusikia hivyo, lakini sina njia nyingine ninayoweza kuiapia.

Dalili ya nne: linki za ajabu zinanimiminikia

Umefungua ripoti ukakuta kamari, dawa za nguvu za kiume, herufi za Kirusi na Kichina. Hizi hutoka kwa roboti zinazonakili mtandao mzima, na kila tovuti inazo. Injini za utafutaji zinazifahamu na kuzipuuza. Funga ripoti, endelea na kazi.

Ila kama kuna aliyekuandikia akitishia kukupandia linki chafu usipompa pesa, usimpe. Hifadhi ujumbe wake pamoja na namba na tarehe, upeleke kituo cha polisi au kwa wapelelezi wa DCI. Kenya ina sheria ya makosa ya kimtandao ya mwaka 2018, na kutisha mtu ili kumtoa pesa ni jinai hata bila kompyuta.

Dalili ya tano: linki zinatoka kwangu na sikuziweka

Hii ndiyo ninayoiogopa. Andika site:jinalako.co.ke casino, kisha rudia kwa viagra na loan. Zikitokea kurasa usizozijua, au majina ya kurasa zako yakisomeka kwa Kijapani, tovuti imeingiliwa.

Chanzo kikuu hapa mjini ni mandhari (sura za tovuti zilizo tayari) na programu-jalizi za kulipiwa zilizopatikana bure. Fundi amekutoza kidogo, akapakua nakala iliyovunjwa kufuli, na aliyeivunja hakufanya hivyo kwa huruma: aliacha mlango. Linki huwekwa chini ya ukurasa kwa rangi ileile ya mandharinyuma, au huonyeshwa kwa roboti ya Google peke yake. Ndiyo maana wewe ukifungua huoni kitu. Tumia kifaa cha kukagua anwani cha Search Console utazame msimbo ambao Google iliupokea, si ule unaouona wewe. Jaribu pia kuingia kwa simu ukitokea kwenye matokeo ya Google, maana uvamizi mwingine huwapeleka kwingine wageni wa namna hiyo tu.

Chanzo cha pili ni WordPress ambayo haijasasishwa kwa miaka, na cha tatu ni nywila inayotumiwa na watu watano.

Ukaguzi wa kwanza ni mwepesi. Tazama orodha ya watumiaji wa tovuti: kuna msimamizi usiyemjua? Tazama pia orodha ya wamiliki ndani ya Search Console, kwa sababu wavamizi hujiongeza humo ili waombe kurasa zao ziorodheshwe. Badilisha nywila za tovuti, za kampuni inayohifadhi tovuti yako na za barua pepe. Chukua nakala nzima ya tovuti jinsi ilivyo, hata ikiwa chafu, kwa kuwa ndiyo itakayoonyesha mlango uko wapi.

Simama hapa, usiende mbele. Usifute mafaili unayoyatilia shaka. Ukifuta linki ukaacha mlango, baada ya siku mbili zimerudi zote, na alama za kumfuatilia mvamizi zimepotea. Mwite mtaalamu wa usalama wa tovuti. Na kama tovuti ilihifadhi majina, namba za simu au malipo ya wateja, mtafute wakili siku hiyohiyo: Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inadai Kamishna wa Data ajulishwe ndani ya saa 72 tangu ugundue uvujaji unaoweza kuwadhuru wenye taarifa.

Dalili ya sita: nimetajwa na watu wakubwa lakini sioni faida

Hili linasikitisha kwa namna yake, maana ushahidi upo na unapotea njiani. Shule inaandikwa na gazeti, mwaka unaofuata inajenga tovuti mpya, na ile anwani iliyo gazetini inaishia kwenye kosa 404, yaani ukurasa haupatikani.

Bofya linki zako bora kumi kwa mkono. Zinazovunjika, zielekeze kwa 301, uelekezo wa kudumu, hadi ukurasa mpya wenye maudhui yaleyale, na uuache uelekezo huo usipungue mwaka mmoja, bora daima. Kosa ninalolikuta sana ni kuzielekeza zote kwenye ukurasa wa mwanzo. Msomaji aliyefuata matokeo ya mitihani akafikishwa kwenye picha ya lango la shule amepotea, na Google nayo huweza kuuhesabu uelekezo huo kama ukurasa usiokuwapo.

Zisipovunjika, tazama kama faili la robots.txt, linaloziambia roboti za utafutaji zisipite wapi, limeizuia sehemu hiyo, kisha tazama linki za ndani ya tovuti yako. Menyu inayofunguka kwa JavaScript pasipo alama ya kawaida ya <a href> haipitiki kwa roboti, kwa hiyo heshima inayofika mlangoni haiingii vyumbani. Na kama aliyekutaja aliweka nofollow, usimsumbue. Wasomaji wake bado wanakuja.

Ukimwita mtaalamu

Anayekuahidi nafasi ya kwanza, muage pale pale. Hakuna mwenye uwezo huo, na Google imeandika hivyo kwenye mwongozo wake. Muulize atapata wapi linki, moja moja, na akuonyeshe ukurasa kabla ya kulipa. Asiyetaka kutaja anauza makreti. Mkabidhi orodha ya mabadiliko yote mliyofanya pamoja na tarehe, nakala ya faili la kukana kama lipo, na ujumbe wowote wa Google bila kuufupisha.

Na ufunguo usimpe. Kikoa kisajiliwe kwa jina lako, Search Console iwe kwenye barua pepe yako, naye umuongeze kama mtumiaji, si mmiliki. Siku kazi ikiisha, mtoe kwenye orodha mbele yake, mkiwa bado mnaelewana.